Kutoka Same hadi Mtwapa: sera huanzia wapi?

Leo naingia kwenye mada ambayo wengi wetu tunaikwepa sebuleni mbele ya wazazi, na wengine wanaikwepa hata wakiwa peke yao: haki za watu wa LGBTQI. Kwa wale ambao herufi hizo zinawachanganya, tunazungumzia mashoga, wasagaji, wanaovutiwa na jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi kama ni ya kike au ya kiume. Sijaja kuhubiri. Nimekuja na swali la historia. Hivi sera kuhusu watu hawa huwa inaanzia wapi? Nani huibadilisha? Na kwa nini mabadiliko mengine hudumu wakati mengine huyeyuka kabla wino haujakauka?

Ukiuliza kijiweni utapata majibu mawili. La kwanza: "Sera hutoka Dodoma, sisi wengine ni wa kupokea tu." La pili: "Hayo mambo yanaletwa na wazungu na pesa zao." Majibu yote mawili yana ukweli kidogo ndani yake, lakini yote mawili yanawasahau watu wa chini. Ili nieleweke, naomba tuanzie mbali kidogo, tena mahali ambapo hamkutegemea: Same.

WAPARE NA MBIRU

Ndiyo, Same hii hii mnayoipita usingizini kwenye basi la Arusha, milima ya Upare ikiwachungulia dirishani. Wakati wa mkoloni ndipo yalipokuwa makao makuu ya wilaya ya Pare, kabla eneo hilo halijagawanywa kuwa wilaya za Same na Mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, utawala wa Waingereza kwa kupitia machifu wa Upare ulileta kodi mpya iliyoitwa mbiru. Jina hilo lilichukuliwa kwenye ushuru wa jadi ambao watu walikuwa wakiwapa watawala wao zamani. Yaani kitu kipya cha serikali kilivalishwa kanzu ya mila ili kisiulizwe maswali. Shikeni hapo, tutakutana na kanzu hiyo tena.

Tatizo la mbiru lilikuwa kwenye namna ya kupima. Kodi ya kichwa ilikuwa kiwango kimoja kwa kila mwanamume. Mbiru ilikadiriwa kwa mali ya mtu, mmoja alipe hiki na jirani yake alipe kile. Kwenye karatasi inaonekana ni haki kabisa, mwenye nacho atoe zaidi. Lakini nani anapima? Anapima kwa macho ya nani? Watu waliona kwamba huo ni mlango wa upendeleo na fitina, na wakaukataa.

Mwanzoni mwa 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milima wakaenda Same, wakapiga kambi karibu na ofisi za serikali. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Kajiru Mashambo, Msabato. Hawakusema hawalipi kodi. Walisema wazi kwamba wako tayari kulipa, ila ukadiriaji uondolewe. Siku zikapita, wao wako pale pale. Huko milimani kazi zote za nyumbani na mashambani zikawaangukia wanawake, na chakula cha waliokaa Same kilitoka mikononi mwao.

Kisha wanawake nao wakaingia ulingoni. Wakamkabili afisa wa wilaya, Bwana Shauri, na sharti ambalo wanahistoria wanalisimulia hadi leo: ama amalize mgogoro awarudishie waume zao, ama awape wote mimba yeye mwenyewe. Jamani! Hebu mvute picha afisa wa Kiingereza anatafsiriwa maneno hayo mbele ya umati. Sheria ya fujo anayo, polisi anao, mahabusu anayo. Jibu la swali hilo hana.

Mvutano uliendelea hadi 1947, na mwishowe ukadiriaji ukaondolewa. Kodi ya kiwango kimoja ikarudi, ila ikiwa imepandishwa. Ushindi nusu, tuseme. Katikati ya mgogoro huo, mwaka 1946, ndipo ulipoundwa Umoja wa Wapare. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare na mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliliandikia tukio hili kitabu kizima mwaka 1971. Kama hamjakisoma, kitafuteni.

Mimi najifunza mambo matatu hapo. Moja, waliodai walidai kitu kimoja kinachoshikika: ondoa ukadiriaji. Hawakudai Uingereza iondoke kesho. Mbili, walikwenda kukaa pale pale sera ilipokuwa inawauma, kwenye mlango wa ofisi inayotoza. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mambo yaligeuka pale walipoingia watu ambao kodi haikuandikwa kwa majina yao: wake, mama, majirani. Serikali ilikuwa imejiandaa kupambana na wakwepa kodi. Haikujiandaa kupambana na familia.

KIFUNGU KILICHOKUJA KWA MELI

Wakati Wapare wanakaa Same, vitabu vya sheria vya Tanganyika vilikuwa tayari na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, kinachoadhibu kujamiiana "kinyume cha maumbile". Asili yake ni kifungu cha 377 cha sheria ambayo Waingereza waliwaandikia Wahindi mwaka 1860. Kikanakiliwa koloni hadi koloni. Hakuna mzee wa Upare wala shehe wa pwani aliyeitwa kutoa maoni. India yenyewe, Mahakama Kuu kabisa ya huko ilikwisha kusema tarehe 6 Septemba 2018 kwamba kifungu hicho hakiwezi tena kuwaadhibu watu wazima waliokubaliana. Kwetu bado kipo, na leo tunaambiwa ni mila yetu. Ile kanzu mnaikumbuka?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba babu zetu walikuwa wakisherehekea mapenzi ya jinsia moja. Kiswahili kilikuwa na majina ya watu hawa, maana yake walikuwepo na walijulikana, lakini kujulikana si kukubaliwa. Ninachosema ni kwamba jela kama jibu la serikali iliandikwa na mkoloni.

Sasa njooni mwaka 1998, mahali ambapo hadithi inanogewa na kuuma kwa wakati mmoja. Kwa miaka kadhaa wanaharakati wa wanawake, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kikiwa mbele, walikusanya habari za ubakaji na unyanyasaji wa watoto, wakaandika, wakatangaza redioni, wakabisha hodi kwa wabunge. Ilikuwa kazi ya kutoka chini hasa. Matunda yake ni Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ambayo kila mtu anaiita SOSPA. Ndiyo iliyokaza adhabu za ubakaji, na ndiyo iliyoharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18.

Lakini humo humo ndani, kifungu cha 154 nacho kikakazwa. Adhabu ikawa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote isipungue miaka 30. Sheria ile ile iliyomlinda binti ikamfungia mlango mtu mwingine, hata kama yeye na mwenzake ni watu wazima na wamekubaliana. Mtu aliyelazimishwa na mtu aliyekubali wakawekwa kwenye kapu moja.

Huko Zanzibar nako watu wa chini walikuwa kazini, upande wa pili. Mwaka 2004 sheria ya visiwani ilirekebishwa na kuwataja pia wanawake. Mwaka 2006 jumuiya ya Uamsho ilipinga sherehe iliyopangwa kwenye mgahawa mmoja wa Unguja kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa visiwani humo. Sherehe ikafutwa. Ndugu zangu, harakati za mashinani hazina upande mmoja. Anayesema "sauti ya wananchi" lazima akubali kwamba wananchi wana sauti nyingi, na baadhi zinataka wengine wanyamaze.

KLINIKI, HOTELI NA MKOPO

Basi watu wa LGBTQI Tanzania wangekaa wapi kama Wapare walivyokaa Same? Bungeni hawana mtu. Barabarani hawathubutu. Mlango uliopatikana ulikuwa wa hospitali.

Ukimwi haumuulizi mtu anampenda nani. Wataalamu wa afya walijua kwamba wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa, na walijua pia kwamba mtu akiogopa kituo cha afya hapimi, hanywi dawa, na virusi vinasambaa kimya kimya hadi kwa wake na wachumba. Vikundi vidogo vidogo vilivyokuwa vikigawa kondomu na kuwasindikiza wagonjwa kliniki ndivyo vilivyokuwa na kitu ambacho wizara haikuwa nacho, yaani kuaminiwa. Serikali ilipoandaa mkakati wake wa kitaifa wa ukimwi wa 2013/14 hadi 2017/18, kundi hili lilitajwa miongoni mwa wanaohitaji huduma. Mwaka 2014 ukatoka mwongozo wa huduma kwa makundi hayo. Kifungu cha 154 kipo pale pale, lakini kwenye karatasi nyingine ya serikali hiyo hiyo mtu yule yule anaitwa mteja wa huduma.

Karatasi hiyo haikuwa imara. Katikati ya 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi uliokuwa unafanywa na asasi. Mwanzoni mwa 2017 vituo vilivyokuwa vinatoa huduma kwa makundi hayo vilifungwa. Oktoba 2017 polisi waliingia kwenye hoteli moja Dar es Salaam na kuwakamata watu 13, wakiwemo wanasheria kutoka Afrika Kusini na wanachama wa shirika la CHESA. Walikuwa wanajadili kuipeleka serikali mahakamani kuhusu kufungwa kwa huduma hizo. Wakaambiwa wanahamasisha ushoga, na wageni wakafukuzwa nchini.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2018. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Dunia ikapiga kelele. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Benki ya Dunia ikasitisha safari za maafisa wake kuja nchini, na mkopo wa elimu wa dola milioni 300 ukakwama, ingawa hapo suala la wasichana wajawazito kufukuzwa shule ndilo lililokuwa zito zaidi. Denmark nayo ikazuia sehemu ya msaada wake.

Kelele hizo zilisaidia? Kwa wiki zile, ndiyo. Taarifa ya Novemba 4 ililegeza kamba kwa watu waliokuwa wamejificha. Lakini niambieni, baada ya hapo kilibaki nini kwenye vitabu? Hakuna kifungu kilichoguswa. Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwingine wa elimu, wa dola milioni 500, na maisha yakaendelea.

Uganda walipitia njia hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Sheria yao ya 2014 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 1 mwaka huo, kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi kutimia. Waliokwenda mahakamani walikuwa Waganda wenyewe, wakiwemo Profesa Joe Oloka-Onyango, mbunge Fox Odoi na mwandishi wa habari Andrew Mwenda. Ushindi huo ulisimama juu ya utaratibu. Kuhusu haki yenyewe mahakama haikusema neno, na Bunge likajifunza kuhesabu vichwa. Mei 2023 Rais Museveni akasaini sheria nyingine, safari hii ikiwa na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Agosti 2023 Benki ya Dunia ikasitisha mikopo mipya, na mwaka 2025 ikatangaza kuirejesha. Mahakama ya Katiba iligusa vifungu vichache tu Aprili 2024, vikiwemo vile vya kumlazimisha mtu kutoa taarifa na kumwadhibu anayepangisha chumba. Pesa ziliondoka zikarudi. Sheria ipo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jibu la pili la kijiweni. Wanaodhani wazungu ndio wanaobadilisha mambo haya, waangalie Kampala na Dar. Shinikizo la nje linaweza kumzuia mkono anayetaka kupiga leo. Kuandika sera itakayobaki kesho ni kazi nyingine.

MTWAPA NA UKUNDA

Tuvuke mpaka sasa, twende pwani ya Kenya, kwa watu tunaosema nao lugha moja.

Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Harusi yenyewe haikuwepo. Viongozi wa dini wa pale, Waislamu kwa Wakristo, wakatoa wito, na umati ukazingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, kilichokuwa kinawahudumia wanaume hao pamoja na wagonjwa wengine. Watu walipigwa. Wengine walikabidhiwa polisi, baadaye wakaachiwa bila mashtaka.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Wangeweza kufunga kituo wakahama. Badala yake, watafiti wakishirikiana na asasi za wenyewe, hasa PEMA Kenya ya Mombasa iliyoanza 2008, walirudi kwa wale wale waliowasha moto. Wakaketi na masheikh na wachungaji. Hawakuwataka wabadili Kurani wala Biblia. Ombi lilikuwa dogo: mtu akiumwa atibiwe, na asipigwe. Kuna viongozi wa dini waliokataa. Kuna waliosikiliza, wakaanza kusema kwa watu wao kwamba dhambi ni ya mtu na Mungu wake, ila kumpiga jirani ni kosa. Wakati huo huo wahudumu wa afya zaidi ya 70 kutoka vituo vya pwani walipewa mafunzo ya namna ya kumhudumia mtu kama huyo bila kumkaripia. Mpango wa kitaifa wa ukimwi wa Kenya wa 2009/10 hadi 2012/13 ulikuwa umewataja tayari kwenye karatasi. Pwani ndiko karatasi hiyo ilikojaribiwa ikapata miguu.

Shukeni kusini kidogo, Ukunda, wilaya ya Kwale ya zamani. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa. Wakapelekwa hospitali ya Mombasa wakapimwa kwa nguvu sehemu zao za siri, eti kutafuta ushahidi. Wanasayansi wanasema kipimo hicho hakithibitishi chochote zaidi ya kumdhalilisha mtu. Wakaenda mahakamani wakisaidiwa na tume ya mashoga na wasagaji ya kutetea haki za binadamu, NGLHRC. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawakatalia. Hawakuchoka. Septemba 2017 chama cha madaktari wa Kenya kikatangaza kulaani kipimo hicho. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ikaamua kwamba kupima watu kwa namna hiyo kunavunja haki zao. Kwenye hukumu wanatajwa kwa herufi tu. Watu wawili wa Ukunda, wasiojulikana hata kwa majina, wamebadilisha kile ambacho polisi na daktari wa nchi nzima wanaruhusiwa kufanya.

Mnaona ukoo wa jambo hili na mbiru? Hawakwenda kudai ndoa. Walidai kitu kimoja kinachoshikika: acheni kutupima. Wakakaa pale pale panapouma. Na walioongeza uzito upande wao walikuwa madaktari, watu ambao kesi haikuandikwa kwa majina yao.

NGLHRC yenyewe ilisumbuka tangu 2013 ikitafuta kusajiliwa tu. Ilishinda Mahakama Kuu 2015, ikashinda Rufaa 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba haki ya kujumuika ni ya kila mtu. Miaka 10 kwa ajili ya cheti cha usajili! Ila tuwe wakweli: Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kufuta kifungu cha 162, ndugu wa kile chetu cha 154. Na baada ya uamuzi wa 2023 watu waliandamana Mombasa kuupinga, na mswada wa kukaza adhabu ukaandaliwa. Ushindi nusu, kama ule wa Same.

HERUFI INAYOSAHAULIKA

Watu wengi wakisikia LGBTQI hawafiki hadi herufi ya mwisho. Kenya ilianzia huko. Desemba 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la mtoto aliyezaliwa huntha, ambaye hospitalini kwenye nafasi ya jinsia iliwekwa alama ya kuuliza. Yaani mtoto wa watu, kwenye karatasi zake za kwanza duniani, ni "?". Mahakama iliitaka serikali itengeneze utaratibu. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo. Sensa ya Agosti 2019 ikawa na nafasi yao, wakahesabiwa watu 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatambua watoto huntha kwa jina.

Mwanzo wa yote hayo ni mama mmoja na mwanawe. Ndiyo maana nawasumbua na wanawake wa Upare. Jambo linapokuwa la "wale watu", serikali inaweza kulizungusha miaka. Linapokuwa la mwanangu, anabisha hodi mtu asiyeondoka.

"LAKINI MBIRU ILIKUWA YA WOTE"

Najua msomaji mmoja ameshakunja uso. Anasema: unalinganishaje kodi iliyomuuma kila Mpare na jambo la watu wachache ambalo Wapare wengi, Walutheri, Wasabato na Waislamu, wanaliona ni dhambi?

Hoja yake ni nzito. Tofauti ipo na ni kubwa. Waliodai mbiru iondolewe waliweza kujaza Same. Watu wachache hawawezi kujaza hata stendi, na wakijaribu watajaza mahabusu. Ndiyo maana wao hutumia milango ambayo haihitaji wingi: kliniki, mahakama, meza ya mazungumzo na shehe. Kura za wengi zinatosha kwa kodi na barabara. Kumhakikishia mtu mmoja kwamba hatapigwa wala kupimwa kwa nguvu hakuwezi kusubiri hadi wengi wampende.

Tena, wanawake wa Upare hawakuwa wanadai kodi yao. Waliangalia nyumba zao zinavyoteketea kwa sababu ya sera iliyotungwa mbali, wakaona inawahusu. Unaweza kuamini kwamba jambo fulani ni dhambi, na bado ukakataa mwanao apelekewe jina lake kwa mkuu wa mkoa. Mambo hayo mawili yanakaa kwenye moyo mmoja bila kugombana. Baadhi ya viongozi wa dini wa pwani ya Kenya wameonyesha hivyo.

Msitegemee nitaje jina la mtu wa Same ya leo hapa. Sheria ilivyo, jina moja linatosha kumharibia mtu maisha, na mwandishi anayeandika majina ya watu wa namna hii anafanya kazi ya kamati ya Makonda bila kulipwa. Lakini niwaambie hili: huko milimani, kama ilivyo Kariakoo na Mbeya, kuna nesi ambaye asubuhi anaamua kumhudumia mgonjwa au kumcheka. Kuna mjumbe wa nyumba kumi ambaye anaamua kuutuliza uvumi au kuupuliza. Kuna baba anayeamua kama mtoto wake atalala ndani au nje. Hakuna hata mmoja wao anayefikiri kwamba anatunga sera. Mwaka 1945 nao wapo waliopika tu chakula na kukipeleka Same.

Sera ya nchi hii kuhusu watu wa LGBTQI siku moja itaandikwa upya, kwa wema au kwa ubaya, maana hakuna sheria isiyoguswa. Itakapofika siku hiyo, watakaokaa kuiandika wataangalia kile ambacho watu wameshazoea kufanya kwenye zahanati, misikiti, makanisa na nyumba zao. Kama tumezoea kupeleka majina, wataandika hivyo. Kama tumezoea kuachana salama, wataandika hivyo pia.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye bibi na babu waliokuwepo Same wakati wa mbiru, au waliosimuliwa, leteni simulizi kabla hazijazikwa. Na wanaonipinga nao wanakaribishwa, ila tusitukanane.